Pompi ya esansi inayochemka kwenye gari la turbo: kutafuta chanzo katika barabara za Bukavu

Bukavu si mji wa kuunguza pompi kwa hali ya hewa. Tuko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na joto la mchana kwa kawaida halifiki nyuzi 30. Kwa hiyo gari lililoongezewa nguvu likianza kukata kwenye mwinuko, na fundi akasema ni jua, mwombe aangalie tena. Pompi ya umeme iliyo ndani ya tanki haipozwi na upepo. Esansi yenyewe ndiyo inayoipoza: inaingia chini kupitia soksi (kichujio kilicho kwenye mdomo wa pompi), inapita katikati ya mota ikigusa nyaya na kaboni, kisha inatokea juu kuelekea injini. Ikipita kidogo, au ikirudi tayari ina moto, mota inajipika yenyewe.

Maswali ni mawili tu. Je, esansi ya kutosha inapita ndani ya pompi? Je, umeme unaofika kwenye pompi ni kamili? Karibu kila dalili iliyo hapa chini inarudi kwenye moja ya hayo mawili, na kununua pompi nyingine kabla ya kuyajibu ni kuunguza pompi ya pili.

Kabla ya kugusa chochote

Fanya kazi nje, mbali na mbabula, sigara na mashine ya kuchomea. Kizima-moto cha unga kiwe karibu na mkono. Toa presha kwanza: washa injini, chomoa fyuzi ya pompi, subiri izime yenyewe, piga stata sekunde 2 au 3, ndipo ufungue bomba. Ukimaliza vipimo vinavyohitaji umeme, toa waya hasi wa batri kabla ya kufungua kifuniko cha tanki. Mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa. Unalala chini ya gari na kwenye shimo la garaji, na cheche moja ya plagi inatosha.

Vifaa: kipima umeme, kipima ampea cha kubana waya, manometa ya presha ya esansi ya bar 0 hadi 7, bidoni iliyoandikwa lita, na saa.

Dalili ya kwanza: asubuhi linaenda vizuri, baada ya nusu saa linakata kwenye mwinuko

Hii ndiyo inayoonekana zaidi hapa. Gari linatoka Nyawera bila shida, linakaa kwenye msongamano, kisha likipanda kuelekea Ciriri nguvu zinapotea, injini inashtukashtuka, wakati mwingine inazima. Ukingoja dakika 20 inawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Au limeshuka Kamanyola, limezunguka kwenye joto la bonde la Ruzizi, na wakati wa kurudi linashindwa kwenye kona za Ngomo.

Anza na kipimo kisichogharimu kitu zaidi ya esansi: jaza tanki hadi nusu, rudia mwinuko uleule kwa mwendo uleule. Shida ikiisha, pompi haijafa. Tanki lilikuwa na esansi kidogo mno.

Hesabu yake inaeleweka. Pompi ya lita 255 kwa saa inavuta zaidi ya lita 4 kwa dakika. Injini ikiwa kwenye ralanti (inazunguka bila kukanyagwa mafuta) inakunywa kama lita moja kwa saa; iliyobaki yote inarudi kwenye tanki. Ukiwa na lita 10 tu, esansi yote inazunguka kila baada ya dakika mbili na nusu hivi. Pompi inayokula ampea 8 kwa volti 13.5 inatumia wati 108, na karibu zote zinaishia kuwa joto ndani ya esansi. Lita 10 zinapanda takriban nyuzi 25 kwa saa moja kwa joto la pompi peke yake, kama tanki halipotezi joto. Lita 40 zinapanda nyuzi 6 tu. Hapo bado hatujaweka joto ambalo esansi inaokota kwenye reli ya enjekta (bomba linalogawia enjekta esansi), juu ya injini ya turbo.

Mwinuko unaongeza mambo mawili. Kwanza, gari likiinamia nyuma au pembeni, esansi kidogo iliyobaki inakimbilia upande mmoja na soksi inabaki hewani. Pili, kwa kimo chetu hewa inasukuma kwa kama bar 0.85 badala ya 1, kwa hiyo esansi iliyopata joto inageuka mvuke mapema kuliko pwani. Pompi inayovuta mvuke haipati cha kuipoza.

Wengi wetu tunanunua kwa kadhafi, wauzaji wa esansi wa barabarani, lita 5 kwa 5, na taa ya akiba inakaa imewaka wiki nzima. Kwa gari la kawaida pompi inavumilia. Kwa gari lenye pompi kubwa, robo tanki iwe ndiyo mwisho, na ukitoka kwenda Uvira jaza angalau nusu.

Kama nusu tanki haikusaidia, au imesaidia kwa muda mfupi tu, angalia bakuli la pompi. Magari mengi yana bakuli la plastiki ndani ya tanki linalobaki limejaa hata tanki likiwa na kidogo. Esansi inayorudi kutoka kwa injini ndiyo inayolijaza. Fundi anapoweka pompi nene zaidi mara nyingi anakata bakuli ili iingie, au anauacha mpira wa kurudisha ukimwaga nje ya bakuli. Kosa hili halionekani mpaka tanki lishuke. Dawa: rudisha mpira umwage ndani ya bakuli, na kama limekatwa kabisa, tafuta jingine zima. Kipande cha bati kilichofungwa kwa waya si bakuli.

Dalili ya pili: pompi inalia, na kilio kinapanda kadiri unavyoendesha

Pompi nzuri inavuma kwa sauti moja. Inayolia kama nzi aliyefungiwa kwenye chupa inavuta kwa shida upande wa kuingilia. Ndani yake vipovu vinazaliwa na kupasuka, na kila kipovu kinakula chuma kidogo.

Toa pompi uiangalie soksi. Nyeupe au rangi ya krimu ni sawa. Ya kahawia ina kutu ya tanki. Nyeusi na yenye utelezi ina uchafu wa bidoni. Usioshe soksi ukairudisha; bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na pompi. Angalia pia imekaaje. Soksi ndefu ya gari jingine inajikunja dhidi ya sakafu ya tanki na kujiziba yenyewe. Iguse sakafu kidogo tu, bila kukunjika.

Kisha pima esansi yenyewe. Weka lita moja kwenye chupa safi ya kioo, iache dakika 30 bila kuitikisa. Maji yatakaa chini, yakiwa na mstari unaoonekana. Kwa mafuta ya taa, ambayo hapa tunayaita petroli, dondosha matone mawili kwenye karatasi nyeupe: esansi safi inakauka haraka bila alama ya maana, iliyochanganywa inaacha doa la mafuta. Mafuta ya taa kwenye injini ya turbo yanaleta mgongano ndani ya silinda, na hilo linaua pistoni kabla ya pompi. Ukilikuta doa, mwaga esansi yote.

Ampea na mtiririko

Hiki ndicho kipimo kinachotenganisha sababu. Kifanye mara mbili: gari likiwa baridi, na tena baada ya nusu saa ya kuendesha.

Fungua mpira wa kurudisha karibu na reguleta (kifaa kinachoshika presha ya esansi), uelekeze kwenye bidoni kwa mpira mrefu ili isimwagike karibu na turbo. Injini ikiwa imezimwa na batri ikiwa kwenye chaja, endesha pompi kwa kuunganisha relei (swichi inayowashwa na umeme) moja kwa moja, sekunde 30 kamili. Pompi ya lita 255, kwa presha ya bar 3, inapaswa kukupa takriban lita 2. Bana kipima ampea kwenye waya chanya wa pompi wakati huohuo. Kwa pompi ya ukubwa huo tegemea ampea 7 hadi 9.

Ampea chini na mtiririko chini, pompi ikilia: inavuta hewa au mvuke, au soksi imeziba. Tatizo liko kabla ya pompi.

Ampea juu na mtiririko chini: kuna kizuizi baada ya pompi. Filta, bomba lililopondwa na jiwe, au presha iliyopandishwa kupita kiasi.

Ampea za kawaida, mtiririko chini, lakini pompi imetulia: mpira ndani ya tanki umepasuka na esansi inazunguka humohumo. Sababu yake karibu kila mara ni mpira usiofaa kuzama. Mpira wa kawaida wa esansi umetengenezwa kustahimili esansi ndani yake, si nje yake. Ukizamishwa unavimba, unalainika, na clipu inaukata. Unaofaa una maandishi SAE 30R10. Ule wa 30R9 ni mzuri chini ya kapo, ila ndani ya tanki haufai, hata muuzaji akisema ni uleule.

Mtiririko mzuri kukiwa baridi na kupungua zaidi ya moja ya kumi kukiwa na moto: pima umeme kwanza, kabla ya kuihukumu pompi.

Dalili ya tatu: plagi iliyoyeyuka, fyuzi inayokatika, relei ya moto

Hapa ndipo kwenye kazi kubwa, na ndipo magari mengi yaliyoongezewa nguvu yanapoachwa nusu. Mtu anaweka pompi inayokula mara mbili ya ile ya kiwanda, lakini waya ni uleule mwembamba wa zamani, na plagi ni ileile iliyo juu ya kifuniko cha tanki.

Fungua plagi hiyo uitazame kwa tochi. Pini nzuri inang'aa. Pini iliyopata joto ina rangi ya kahawia inayoishia kwenye ubuluu, kama ncha ya sindano iliyochomwa motoni, na plastiki inayoizunguka imevimba au imekuwa laini. Pini hiyo ikiwa na ukinzani wa omu 0.1 tu, ampea 10 zikipita hapo zinapoteza volti 1 na kuacha wati 10 za joto kwenye kipande kisichozidi ukucha. Ndiyo maana inayeyuka, na ndiyo maana kuisugua kwa msasa hakusaidii: chuma kimepoteza ukakamavu wake na hakibani tena. Badilisha pini zote mbili na plagi yake.

Kupima volti zinazopotea: pompi ikizunguka, weka ncha nyekundu kwenye kichwa chanya cha batri na nyeusi kwenye waya chanya pale kwenye plagi ya pompi. Unachosoma ni kile kinachopotea njiani. Kisha upande wa masi, yaani upande hasi: ncha moja kwenye kichwa hasi cha batri, nyingine kwenye waya wa masi wa pompi. Upande chanya usizidi volti 0.3, masi usizidi 0.2. Usipime kwa kuchomoa plagi na kusoma volti 12 hewani. Waya wenye uzi mmoja uliobaki utakuonyesha 12 pia, kwa sababu hakuna ampea zinazopita.

Volti zikipungua, pompi inazunguka polepole huku presha inayoisukuma ikiwa ileile. Ampea hazipungui sana, mtiririko ndio unaopungua, na mtiririko ndio unaopoza. Ndiyo njia ya waya mbaya kuunguza pompi nzuri.

Hesabu ya waya, kwa shaba ya kweli na mita 5 kutoka batri hadi tanki: waya wa milimita za mraba 0.75 kwa ampea 10 unapoteza volti 1.2. Wa 1.5 unapoteza karibu 0.6. Wa 4 unapoteza 0.2. Weka wa 4 kwa upande chanya, na masi wa 4 unaofungwa kwenye bodi karibu na tanki, mahali palipokwanguliwa rangi mpaka chuma cheupe, kisha papakwe grisi.

Ununuapo waya, kwangua uzi mmoja kwa kisu. Sokoni kuna waya uliopakwa shaba juu na ndani ni alumini nyeupe. Unapitisha umeme kama theluthi mbili tu ya ule ambao shaba ingepitisha, na unakatika kwa mtikisiko wa barabara zetu. Uzi wa shaba ni mwekundu hadi ndani.

Mpangilio: kutoka batri, fyuzi ya ampea 20 isiyo mbali na batri zaidi ya kiganja, kisha mguu 30 wa relei ya ampea 30 au 40, mguu 87 kwenda pompi kwa waya wa 4. Waya wa zamani wa kiwanda wa pompi sasa unakuwa amri tu: uende mguu 86, na 85 uende masi. Usichukue amri kutoka switi ya funguo. Ukiacha waya wa kiwanda uamrishe, kompyuta ya gari itazima pompi injini inapozima, hata kwenye ajali. Pompi inayoendelea kusukuma esansi kwenye gari lililopinduka ni moto unaosubiri cheche.

Baadhi ya Toyota na Subaru za turbo zina kizuizi au kidhibiti kinachopunguza umeme wa pompi kwenye ralanti. Kilitengenezwa kwa ampea za pompi ya kiwanda. Ukiweka pompi kubwa, kinapata moto na kukata ghafla, na dalili inafanana kabisa na pompi iliyokufa. Kiguse baada ya kuendesha. Kama mkono hauvumilii, pompi ilishwe na relei mpya. Ila kama kidhibiti kinatuma amri ya kukatikakatika kwa kasi, relei haitaielewa: itatetemeka na kuungua. Kwenye gari la namna hiyo chukua amri kutoka kwa relei kuu ya pompi, kabla ya kidhibiti.

Dalili ya nne: presha iko juu hata kwenye ralanti

Chomoa mpira wa vakumu kwenye reguleta, uuzibe, soma manometa. Gari lililopangwa bar 3 lisome 3. Likisoma 3.8, fungua mpira wa kurudisha uelekeze kwenye bidoni. Ikishuka hadi 3, reguleta ni nzima, njia ya kurudi ndiyo nyembamba au imepondwa. Isiposhuka, reguleta yenyewe haipitishi kiasi kinachosukumwa na pompi.

Kumbuka turbo inaongeza presha moja kwa moja: bar 3 za msingi na bar 1 ya turbo ni bar 4 ambazo pompi inasukuma. Aliyepandisha msingi hadi 4 ili enjekta ndogo zitoe zaidi ameipa pompi kazi ya bar 5, ampea zimepanda na mtiririko umeshuka. Nunua enjekta kubwa, rudisha msingi 3.

Pompi kubwa kupita injini

Kisio: kila nguvu-farasi moja ya injini ya turbo inahitaji takriban lita 0.37 kwa saa. Injini ya farasi 250 inahitaji lita 92. Ongeza moja ya tano ya usalama, ni 110. Pompi ya 255 inatosha na kubaki, hata ukiondoa kile inachopoteza kwa presha. Pompi ya lita 450 kwenye injini hiyo haileti farasi hata mmoja. Inaleta ampea 12 na zaidi, waya wa moto, na esansi inayozunguka bure ikipata joto. Ushauri wetu ni wazi: kama umewekewa ya 450 kwenye injini ya farasi 250, iuze.

Pompi ya nje

Hizi zinasukuma vizuri na kuvuta vibaya. Ifungwe chini ya usawa wa tanki, karibu nalo, mpira wa kuingilia uwe wa milimita 12 ndani au zaidi. Kabla ya pompi weka filta ya matundu makubwa, mikroni 100. Ile laini ya mikroni 10 iwe baada yake. Wengi wanageuza, na filta laini upande wa kuvuta inaua pompi haraka. Iwe angalau sentimeta 15 kutoka bomba la moshi, na bati la kukinga katikati. Usiifunge mahali pa chini kabisa. Kwenye mawe ya barabara ya Nyangezi itagonga.

Ukifunga

Mpira wa duara wa kifuniko cha tanki ukishavimba haurudi kwenye mfereji wake; weka mpya. Washa pompi bila injini mara tatu, pitisha kitambaa kikavu kwenye kila kiungo, unuse. Kisha panda mwinuko uleule, na tanki likiwa robo, baada ya nusu saa ya kuendesha. Simama juu, injini ikiwa inaendelea, na upime tena ampea na volti kwenye plagi. Namba zikiwa zilezile za asubuhi, funga kiti kinachofunika kifuniko cha tanki.